Neno Lililochelewa: Juu ya Mpinduko katika Tanzia ya Mapenzi

Neno tanzia, kabla halijawa jina la aina ya mchezo wa kuigiza, lilikuwa jina la habari ya kifo. Mtu alipofariki, tanzia ilipelekwa kwa jamaa walio mbali, na aliyeipokea hakuuliza uzuri wa maneno yake. Aliuliza mambo mawili tu: nani amekufa, na amekufaje. Mchezo wa tanzia huyajibu maswali hayo mawili, kisha huongeza la tatu, ambalo msibani huulizwa kwa sauti ya chini au haliulizwi kabisa: je, kifo hiki kingeweza kuepukwa? Swali hili la tatu ndilo nitakalolishughulikia hapa.

Katika tanzia ya mapenzi swali hili huwa chungu kuliko katika tanzia ya wafalme. Mfalme aliyeanguka aghalabu alipanda mwenyewe alichokivuna: alitamani, aliua, alijivuna, na huruma tunayomwonea huchanganyika na ridhaa. Lakini kijana na binti waliopendana hawakutamani kiti cha mtu. Walitaka kuoana, jambo ambalo kila kabila hulipigia ngoma. Basi wanapokufa, watazamaji hutafuta wa kulaumiwa, na majibu mawili huwa tayari mlangoni. La kwanza husema, Ndivyo walivyoandikiwa. La pili husema, Waliwaasi wazazi wao. Jibu la kwanza huiachia nyota mzigo wote. La pili huwatwika mzigo huo wafu wawili, ambao hawawezi tena kujitetea. Majibu haya yana faida moja kwa wale wanaoyatoa: hakuna hata mmoja miongoni mwa walio hai anayebaki na deni.

Nadhani liko jibu la tatu, na mahali pa kulitafuta ni katika maonyesho ya mpinduko. Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliita mpinduko lile badiliko ambalo kwalo mambo hugeuka yakaelekea kinyume cha yalivyokusudiwa. Akasema kwamba utambuzi, yaani kutoka katika kutojua na kuingia katika kujua, huwa bora unapofuatana na mpinduko. Alikuwa akiwaza zaidi juu ya Mfalme Oedipus, aliyejitafuta bila kujijua. Katika tanzia ya mapenzi mpinduko una umbo lake peke yake. Ni onyesho ambalo ndani yake neno la kuokoa lipo, mtu wa kulisema yupo, na neno halisemwi, au husemwa saa yake ikiwa imekwisha kupita. Anayekosa kujua si mtendaji peke yake. Ni watu wote walio karibu naye, kwa sababu yule ajuaye amenyamaza.

Mfano wangu mkubwa ni Romeo na Juliet wa William Shakespeare, mchezo uliotungwa karibu na mwaka 1595 na kuchapwa mara ya kwanza mwaka 1597. Mtunzi huyu si mgeni katika Kiswahili. Julius Nyerere alimtafsiri katika Julius Caesar mwaka 1963 na katika Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na S. S. Mushi akatutolea Makbeth mwaka 1968. Hadithi ya Romeo na Juliet hakuibuni mwenyewe. Aliipata hasa katika utenzi mrefu wa Arthur Brooke uliotoka mwaka 1562, na yafaa tuangalie alichokibadili, kwani seremala hujulikana kwa anapotia msumeno. Brooke, katika maneno yake kwa msomaji, aliwalaumu wapendanao waziwazi kwa tamaa yao na kwa kudharau shauri la wazazi. Hilo ni lile jibu la pili. Shakespeare hakulichukua. Tena, kwa Brooke mambo huendelea kwa muda wa miezi kama tisa. Shakespeare aliyabana yakaenea katika siku zisizotimia juma, kuanzia Jumapili hata Alhamisi alfajiri. Matokeo ya kubana huku si mbio za jukwaani tu. Mtu mwenye miezi tisa akinyamaza leo atasema kesho, na kimya chake hakina uzito mkubwa. Mtu mwenye siku nne akinyamaza leo, amekwisha kutenda.

Msomaji ataniuliza kwa nini mchezo wa Verona, mji wa Italia, nautazama nikiwa nimegeuza uso kuelekea Kasulu na Kibondo. Sababu yangu ni hii. Mchezo huu una amri ya mtawala, una mtu aliyefukuzwa avuke mpaka, una ugonjwa uliofunga mlango, na una barua isiyofika. Mwanachuo aliyekulia katika mji wenye amani huyaona mambo hayo kama hila za mtunzi. Katika nyanda za juu za Kigoma ni mambo ambayo watu wameyaona kwa macho.

Nchi hiyo ni ya Waha, nchi ya vilima vya majani, migomba, mihogo na maharage, ambayo maji yake mengi hushukia mto Malagarasi. Ng'ambo ya mpaka iko Burundi, na Kiha na Kirundi vimekaribiana hata wasemaji wake husikilizana bila mkalimani. Chini ya Wajerumani pande zote mbili zilikuwa ndani ya koloni moja; baada ya Vita Kuu ya Kwanza upande mmoja ulikwenda kwa Waingereza na mwingine kwa Wabelgiji, na mstari uliopita kati ya shangazi na mpwa ukawa mpaka wa mataifa. Mwaka 1972 mauaji yaliwatoa Warundi wengi nchini mwao. Mwaka 1993, baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye, wakaja wengine. Na mwaka 2015 wengine tena. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu kwa ajili ya watu wa Kongo waliokimbia vita vya Kivu. Kibondo ilikuwa na kambi zake, miongoni mwao Nduta, iliyofungwa ikafunguliwa tena mwaka 2015. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 iliwataka watu hao wakae ndani ya maeneo waliyopangiwa, na atakaye kutoka apate kibali. Kwa hiyo, walipokutana sokoni au kisimani watu wanaosikilizana kwa lugha, wanaofanana kwa mila na wanaotofautiana kwa karatasi, mapenzi yalizaliwa pale ambapo amri na kibali vilikuwa vimetangulia kufika. Hiyo ndiyo ardhi ya tanzia ya mapenzi.

Natuyatazame sasa maonyesho yenyewe. Mpinduko wa kwanza uko katika sehemu ya tatu. Romeo ametoka kuoa kwa siri mchana huo huo. Njiani anakutana na Tybalt, binamu wa Juliet, ambaye anamtukana na kumtaka vita. Romeo anakataa kupigana. Anasema kwamba analipenda jina la ukoo wa Tybalt sawa na lake, lakini hasemi kwa nini. Rafiki yake Mercutio, asiyejua lolote, anauona upole huo kuwa ni woga wa aibu, anafuta upanga badala yake, na katika kuamuliwa anachomwa chini ya mkono wa Romeo. Mercutio anakufa, Romeo, akiwa amepofushwa na hasira, anamwua Tybalt, na mtawala anamfukuza mjini. Hata kufikia hapo mchezo ulikuwa na vicheko na mizaha, na mtu aliyeingia amechelewa angeweza kudhani ni mchezo wa arusi. Baada ya hapo hakuna kicheko kilicho salama.

Neno gani lililokosekana? Ni neno fupi: Nimemwoa ndugu yako. Yawezekana Tybalt asingelisadiki, au angelizidi kukasirika. Lakini Mercutio angelielewa, na upanga wake ungelibaki alani. Romeo hakulisema kwa kuwa halikuwa lake peke yake. Lilikuwa amana iliyowekwa kwa Mtawa Laurence, aliyewafungisha ndoa. Na mtawa huyu alikuwa na nia njema kuliko watu wote wa Verona. Aliwaoza akitumaini kuwa ndoa hiyo itageuza chuki ya koo mbili kuwa upendo. Lakini ndoa ipatanishe vipi watu wasioijua? Alikuwa na dawa ya ugonjwa wa mji, akaitia mkobani na kungoja siku njema ya kuitoa. Sisi Waswahili tuna methali isemayo, Funika kombe mwanaharamu apite. Mtawa alifunika kombe, na mwanaharamu hakupita. Alikaa papo hapo akafa, na wengine wakafa pamoja naye.

Mpinduko wa pili hauna damu, na kwa hiyo wasomaji wengi huupita upesi. Mzee Capulet amemposea bintiye mume mwingine, Paris, naye binti, ambaye hajatimiza miaka 14, anakataa. Baba anafoka, anatishia kumtoa nyumbani afe njiani. Mama anageuza uso. Chumbani humo yumo mtu mmoja anayejua kwamba Juliet ni mke wa mtu: yaya aliyemnyonyesha. Yaya huyo si mwoga kabisa, kwani anathubutu kumwambia bwana wake kuwa anakosea kumkaripia mtoto hivyo. Anaikemea hasira, lakini sababu haitaji. Na wazazi wanapotoka, anamshauri Juliet amkubali Paris, kwa kuwa mume wa kwanza amekwenda na harudi. Tangu hapo Juliet hamwambii tena lililo moyoni. Wengi husema Juliet alikufa kaburini. Mimi nasema alianza kufa katika chumba hicho, alipogundua kuwa waliokuwa wakijua hawakuwa tayari kusema, na waliokuwa wakisema hawakutaka kujua.

Mpinduko wa tatu ni barua. Mtawa Laurence anampa Juliet dawa ya kumlaza kama maiti kwa saa 42, na anamtuma mtawa mwenzake, John, apeleke barua kwa Romeo huko Mantua. John anamtafuta mwenzake wa kufuatana naye, anakutwa katika nyumba inayodhaniwa kuwa na tauni, na walinzi wa afya wanafunga milango. Barua haiondoki. Mtumishi wa Romeo, ambaye hakuambiwa siri, anafika kwanza na tanzia: Juliet amekufa. Romeo ananunua sumu.

Hapa ndipo wapinzani wa mchezo huu husimama. Husema: hii si tanzia ya kweli, kwani tanzia ya kweli hutoka katika tabia za watu, na hapa watu wamekufa kwa ajali ya posta. Kama John angelibisha hodi nyumba nyingine, tungelikuwa na arusi. Pingamizi hili ni kubwa, na wanaolipuuza kwa kusema kwamba dunia imejaa ajali hawajalijibu. Milango hufungwa kwa maradhi kweli. Mwezi Mei 2015 kipindupindu kiliwaingia wakimbizi wa Kirundi waliorundikana Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Na mwaka 2020 dunia nzima ilijifunza maana ya mlango uliofungwa. Lakini kusema kuwa jambo hutokea si kusema kuwa linastahili kuwa kiini cha mchezo.

Jibu langu ni hili: ajali hiyo ilipata wapi nguvu za kuua? Barua hupotea kila siku wala watu hawafi. Ingekuwa ndoa ya Romeo na Juliet inajulikana na watu kumi, habari za Juliet zingelikuwa na njia kumi za kufika Mantua, na barua moja iliyokwama ingelikuwa hasara ndogo. Ilikuwa na njia moja tu, kwa sababu kimya kimeziba nyingine zote. Bahati mbaya haina meno yake yenyewe. Huazima meno kutoka kwa siri. Aliyekwisha kupunguza madaraja hata likabaki moja asiulaumu mto daraja hilo linapochukuliwa. Kwa hiyo mpinduko wa tatu si ajali iliyobandikwa kwenye hadithi. Ni mavuno ya ule wa kwanza na wa pili. Maonyesho haya matatu ni jambo moja linalozidi kubanwa: kwanza neno linanyimwa rafiki, halafu linanyimwa baba na mama, mwisho linanyimwa mume mwenyewe.

Ili tusikae Ulaya tu, tuwaze kwamba mtunzi mmoja wa Kasulu anaketi kutunga tanzia ya mapenzi ya nchi yake. Ninaowataja ni watu wa kufikirika. Mambo yanayowazunguka si ya kufikirika. Binti amelelewa katika kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu. Kijana ni wa kijiji cha jirani. Wamependana miaka miwili. Kisha unakuja mwisho wa mwaka 2012, ambapo Mtabila ilifungwa kweli, Warundi kwa maelfu wakarudishwa kwao, na wachache walioonekana kuwa bado wahitaji hifadhi wakahamishiwa Nyarugusu. Mtunzi wetu ataweka wapi mpinduko wake? Kishawishi ni kuuweka siku ya malori: orodha inasomwa, jina la binti limo, vumbi linatimka, kijana anakimbia nyuma. Watazamaji watalia. Lakini naogopa kuwa machozi yao yatakuwa ya bure, maana orodha iliyosomwa haina masikio, na lori halina moyo wa kubadilika. Onyesho hilo ni la msiba. Mpinduko ulikwisha kupita.

Mtunzi mwenye akili atarudi nyuma. Ataturudisha jioni moja, mwaka mmoja kabla, ambapo mshenga amekuja na kibuyu cha pombe ya ndizi nyumbani kwa mjomba wa kijana. Mzee huyu anaheshimiwa kijijini. Akisimama mbele ya uongozi akasema, Hawa wawili wanaoana na mimi ni shahidi, ndoa ingelifungwa mchana na kuandikwa, na siku ya mahojiano binti angelikuwa na la kusema na wa kumsemea. Mzee hana ubaya. Anampenda mpwa wake, na pombe anaipokea. Anasema tu, Mambo ya wakimbizi tusiyaguse sasa, tungoje. Neno hilo tungoje ni dogo, lina adabu, na hakuna mtazamaji atakayelishtukia siku ile ya kwanza. Lakini pazia likishuka atalikumbuka, na akilikumbuka atatambua kuwa lori liliwashwa jioni ile. Huo ndio mpinduko unaokuja pamoja na utambuzi, ila utambuzi umehamia moyoni mwa mtazamaji.

Tena mtunzi wetu anaweza kufanya jaribio moja lenye kufundisha: awabadili wapendanao. Kijana awe ndiye Mrundi, na binti awe Mha wa Kibondo. Mioyo ni ile ile, ahadi ni zile zile. Lakini Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 ilimfungulia mwanamke mgeni aliyeolewa na raia njia ya kuomba uraia kwa ajili ya ndoa, wala haikumfungulia vivyo hivyo mwanamume mgeni aliyeoa mwanamke raia. Basi katika mchezo wa kwanza mzee angaliweza kuokoa kwa kusema; katika mchezo wa pili hata akisema, atagonga ukuta, na neno la kuokoa halimo tena kinywani mwa mjomba bali mwa watunga sheria. Hili latuonyesha kwamba mahali pa mpinduko hapachaguliwi kwa ladha ya mtunzi tu. Uko pale lilipo neno, na neno huwa mikononi mwa watu mbalimbali kadiri dunia ilivyopangwa. Mtunzi anayeweka mpinduko mahali pasipokuwa na neno anatudanganya juu ya nani mwenye deni.

Sasa sina budi kulikabili shaka kubwa kuliko yote. Je, kunena ni wema daima? Juliet angelimwambia baba yake ukweli, yumkini Romeo angeliuawa usiku ule. Na katika nchi ya mpakani, mtu anayetaja ndoa yake mbele ya ofisi anaweza kuwa anajitaja mwenyewe kuwa alitoka kambini bila kibali. Wahenga walisema, Mdomo uliponza kichwa, na hawakusema upuuzi. Mwenye kuwahimiza wanyonge wapige kelele huku yeye amekaa barazani salama ana ujasiri wa kukopa.

Nakubali, na kwa sababu hiyo nasema kuwa kimya si cha namna moja. Kiko kimya cha mwenye hofu, na kiko kimya cha mwenye amri. Kimya cha mwenye hofu ni ngao: Juliet anapomficha baba yake, anajikinga na mkono unaoweza kumwangamiza, na hatuna haki ya kumdai neno ambalo bei yake ni maisha. Kimya cha mwenye amri ni deni: yeye akisema hapotezi ila raha yake, jina lake, au amani ya meza yake. Kati ya hivi viwili kuna ngazi nyingi. Yaya anasimama chini, kwa kuwa ni mtumishi ambaye angelifukuzwa. Mtawa anasimama juu zaidi, kwa kuwa vazi lake linamlinda. Mzee Capulet yuko juu yao, kwa kuwa ukali wake ndio uliowafundisha wote kunyamaza. Anayeadhibu neno ndiye mzazi wa kila kimya kilicho chini ya dari yake. Na juu ya wote yuko mtawala.

Ni jambo la kustaajabisha kwamba Shakespeare anampa mtawala huyu, Escalus, kauli ambayo wasomaji wengi husahau. Mwisho wa mchezo, mbele ya maiti, akiisha kuwaambia wakuu wa koo mbili kuwa hii ni adhabu ya chuki yao, anaongeza kwamba yeye naye ameadhibiwa, amepoteza jamaa zake, kwa kuwa aliufumbia macho ugomvi wao. Basi mtu mwenye cheo kikubwa kuliko wote ndiye anayekiri kuwa kimya chake kilikuwa miongoni mwa visu. Utangulizi wa mchezo ulikuwa umetaja nyota. Mwisho wake unataja watu. Yeye asemaye kuwa Shakespeare alilaumu majaliwa ameusoma ukurasa wa kwanza akaacha wa mwisho.

Kwamba mpinduko waweza kwenda upande mwingine tunauona kwa mtunzi yule yule. Katika Mabepari wa Venisi iko hukumu inayokaribia kutoa uhai wa mtu, na kisu kimekwisha kunolewa. Hapo Portia, amevaa mavazi ya mwanasheria, anasema neno lililomo katika hati yenyewe, na kisu kinarudi. Yako mengi ya kubishia katika hukumu ile, hasa jinsi Shylock alivyotendewa; lakini kwa umbo lake ni onyesho la mpinduko sawa na letu, tofauti ikiwa kwamba mwenye neno alifika akiwa na saa bado mkononi. Karibu na kwetu, mwaka 2004 ulianza nchini Rwanda mchezo wa redio uitwao Musekeweya, maana yake mapambazuko mapya, juu ya vijiji viwili vyenye uhasama, Bumanzi na Muhumuro, na wapendanao wawili wa pande hizo, Batamuliza na Shema. Wengi waliufananisha na Romeo na Juliet. Lakini watunzi wake waliokuwa wakiandika miaka kumi baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 hawakuwapeleka wapendanao hao kaburini. Waliwafanya sauti ya kuwakusanya vijana wenzao waikatae fujo. Penzi lao halikuwa siri ya mtawa mmoja na yaya mmoja. Lilikuwa jambo la kijiji, na kwa hiyo kijiji kilipaswa kulijibu.

Je, basi tanzia ya mapenzi haina kazi tena, na watunzi wetu waandike arusi tu? La. Mchezo wenye mwisho mwema hutuonyesha kuwa neno lina nguvu. Tanzia hutuonyesha bei ya kulinyima, na bei haisadikiki mpaka ilipwe mbele ya macho. Ebrahim Hussein, katika mchezo wake mfupi uliochapwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 juu ya mabishano ya binti na wazazi wake, alichukua jina kutoka katika methali, Wakati Ukuta. Methali hiyo huonya kwamba apiganaye na wakati ataumia mwenyewe. Ni kweli, lakini kila ukuta ulijengwa, na kabla haujakamilika palikuwa na nafasi ya mlango. Tanzia njema hutusimamisha pale hasa, kwenye tofali la mwisho, ikatuonyesha ni mkono wa nani ulilolishika.

Kwa hiyo mwanachuo atakayeisoma tanzia ya mapenzi, iwe ya Verona au ya Kasulu, asianze kwa kuuliza kama wapendanao walikosa. Na akae katika kila onyesho la mpinduko akahesabu watu waliomo: nani anajua, nani anaweza kusema, na kusema kwake kungemgharimu nini. Akiisha kuhesabu hivyo, ataona kwamba hesabu haiishii jukwaani. Yeye mwenyewe ameketi kitini akiujua ukweli wote tangu onyesho la kwanza, tena kwa usalama kuliko mtawa na yaya. Na desturi ya jukwaa inamtaka anyamaze. Usiku ule ana haki ya kunyamaza. Kesho yake, mshenga akija na kibuyu nyumbani kwa mjomba wake, hataweza kusema kwamba hajawahi kuliona onyesho hilo.